Gando la Kaa Katika Dawa ya Magugu

Visima vingi vya mwambao wa Afrika Mashariki vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na yeyote aliyepata kufua nguo kwa maji ya visima hivyo anaijua tabia yake. Sabuni husuguliwa mpaka ikakaribia kwisha, lakini povu halitoki ila kwa shida. Badala yake hutokea utando wa kijivujivu unaong'ang'ania ukingo wa karai. Maji hayo hayo yakichemshwa kila siku, birika hufanya ukoko mweupe ndani yake. Watu huyaita maji magumu, na wanakemia nao huyaita hivyo hivyo. Ni maji yaliyopita katika mawe ya chokaa na kuyeyusha chumvi nyingi za kalsiamu na magnesiamu.

Na afikiriwe sasa mkulima anayechota maji katika kisima cha namna hiyo, akayatia katika bomba la mgongoni, akachanganya humo dawa ya kuua magugu, kisha akapulizia shamba lake. Wiki mbili zinapita. Ndago zinageuka manjano kidogo, halafu zinachipua upya. Mkulima anaamini kwamba ameuziwa dawa bandia. Huenda ni kweli, kwa kuwa dawa bandia zipo. Lakini huenda pia mwenye duka hana kosa lolote, na mwizi wa dawa akawa ni maji yenyewe.

Dawa inayohusika hapa ni glaifoseti, ambayo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa viuamagugu vinavyotumika zaidi duniani. Molekuli yake ina uwezo wa kushika metali. Uwezo huo umezusha mijadala mikali katika nchi kadhaa: wako wanaosema kwamba dawa hii huinyima mimea chakula chake cha madini, na wako wanaosema kwamba hofu hiyo imekuzwa kupita kiasi. Ili kuamua kwa haki, yapasa kwanza kujua jinsi mshiko huo unavyofanyika, kisha kupima ni metali kiasi gani kinachoshikwa, wapi, na kwa nguvu gani.

Dawa iliyozaliwa zaidi ya mara moja

Historia ya glaifoseti ni ya ajabu kidogo. Iliundwa kwa mara ya kwanza mwaka 1950 na mwanakemia Henri Martin, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya madawa ya Cilag nchini Uswisi. Haikuonekana kuwa na faida yoyote ya tiba, ikawekwa kando. Mwaka 1964 kampuni ya Stauffer Chemical ya Marekani ilipata hataza ya kampaundi za jamii hiyo, na moja ya sifa zilizotajwa ni uwezo wake wa kushika metali. Wakati huo hapakuwa na aliyeihusisha na magugu.

Katika kampuni nyingine ya Marekani, Monsanto, wanakemia walikuwa wakichunguza kampaundi za jamii hiyo hiyo kwa ajili ya kulainisha maji magumu. Chache miongoni mwake zilipojaribiwa juu ya mimea zilionyesha dalili hafifu za kuidhuru. Mwanakemia John Franz alipewa kazi ya kutafuta kampaundi yenye nguvu zaidi, na mwaka 1970 akaifikia glaifoseti. Mwaka 1974 ilianza kuuzwa kwa jina la Roundup.

Kwa hiyo dawa hii ilitokana na utafiti wa kupambana na maji magumu, na mpaka leo maji magumu ni mmoja wa wapinzani wake wakubwa. Jambo hilo si sadfa. Molekuli inayoweza kuinasa kalsiamu ndani ya maji haina budi nayo kunaswa na kalsiamu hiyo.

Gando hushikaje?

Metali iliyoyeyuka katika maji huwa katika umbo la ioni, yaani atomu iliyopoteza elektroni na kubaki na chaji chanya. Ioni hiyo huvutwa na atomu zenye elektroni za ziada, hasa za oksijeni na nitrojeni. Ikiwa molekuli ina sehemu moja tu ya kushikia, mshiko wake hulegea upesi. Lakini ikiwa ina sehemu mbili, tatu au zaidi zilizopangwa kwa nafasi ifaayo, basi huizingira ioni na kuibana kama kaa anavyobana kwa gando lake. Mwaka 1920 wanakemia wa Uingereza Morgan na Drew waliuita mshiko huo kwa neno la Kigiriki lenye maana ya gando, na kampaundi inayotokana nao huitwa kileti.

Glaifoseti ni molekuli ndogo. Msingi wake ni glisini, asidi ya amino iliyo sahili kuliko zote, iliyoongezwa kikundi chenye fosforasi. Hivyo basi ina sehemu tatu za kushikia: kikundi cha kaboksili upande mmoja, kikundi cha fosfoneti upande wa pili, na atomu ya nitrojeni katikati. Metali inapokamatwa na sehemu zote tatu, huundwa pete mbili ndogo, kila moja yenye atomu tano, na pete za namna hiyo huwa imara.

Isidhaniwe kwamba mshiko wa gando ni jambo la sumu. Maumbile yenyewe yamejaa magando. Klorofili, inayoyapa majani rangi ya kijani, imeshika magnesiamu. Himoglobini ya damu imeshika chuma. Mizizi ya mahindi na ya mimea mingine ya jamii ya nyasi hutoa asidi maalumu zinazokwenda kukishika chuma katika udongo na kukileta kwenye mzizi. Hata mbolea nyingine za zinki na chuma hutengenezwa kwa makusudi katika hali ya kileti, ili metali hizo zisigande ardhini kabla hazijafika kwa mmea.

Magando hutofautiana kwa nguvu, na gando moja halishiki kila metali kwa nguvu sawa. Wanakemia hupima nguvu hiyo kwa kipimo ambacho kila hatua moja ya nambari ina maana ya kuzidishwa mara kumi. Kwa glaifoseti, kalsiamu na magnesiamu zina nambari ya 3 na kidogo, manganizi, 5.5 hivi, zinki, kati ya 8 na 9, shaba, karibu 12, na chuma chenye chaji tatu, karibu 16. Kutoka 3 hadi 16 ni hatua 13. Maana yake ni kwamba glaifoseti hukishika chuma hicho kwa nguvu inayozidi ile ya kushika kalsiamu mara trilioni kumi hivi. Kalsiamu hushikwa kwa ulegevu. Ushindi wake katika maji ya kisima hutokana na wingi, si nguvu.

Je, magugu hufa kwa njaa ya madini?

Kwa kuwa dawa hii hushika metali, na kwa kuwa mimea haiwezi kuishi bila metali, ni rahisi mtu kuhitimisha kwamba magugu hufa kwa kukosa madini. Hitimisho hilo lina mvuto, lakini majaribio hayakulithibitisha.

Mwaka 1972 mtafiti Jaworski alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa mimea midogo ya majini. Mimea hiyo ilidumaa ilipotiwa glaifoseti. Ilipopewa pamoja na dawa asidi fulani za amino, zile ambazo molekuli zake zina pete ya atomu sita za kaboni, udumavu huo ulipungua. Mmea ulikuwa umenyimwa asidi hizo, si metali. Mwaka 1980, huko Ujerumani, Steinrücken na Amrhein walionyesha mahali penyewe panapopigwa: ni kimeng'enya kimoja kiitwacho kwa kifupi EPSPS, kilichomo katika mfuatano wa kikemia ujulikanao kama njia ya shikimeti. Kwa njia hiyo mimea, kuvu na bakteria wengi hujitengenezea asidi tatu za amino, yaani fenilalanini, tairosini na triptofani. Bila hizo protini haziundwi. Wanadamu na wanyama hawana njia hiyo, nao hupata asidi hizo kutoka katika chakula.

Ushahidi mwingine ulipatikana mashambani. Mwaka 1996 maharagwe ya soya yaliyoingizwa jeni ya kimeng'enya cha namna hiyo kutoka kwa bakteria yalianza kulimwa nchini Marekani. Kimeng'enya hicho cha bakteria hakidhuriwi na glaifoseti. Soya hiyo hupuliziwa dawa nayo huendelea kuishi, ingawa magando yamo ndani ya majani yake kama yalivyomo ndani ya magugu yaliyo karibu nayo. Kama kushikwa kwa metali ndiko kungekuwa kiini cha mauti, kubadilisha kimeng'enya kimoja tu kusingeuokoa mmea huo.

Hesabu ya ndani ya bomba

Ikiwa gando si silaha ya dawa, basi umuhimu wake uko wapi? Mahali pa kwanza ni ndani ya bomba la kupulizia, na hapo hesabu ndogo ya kidato cha tatu inatosha kueleza.

Dawa nyingi zinazouzwa huwa na gramu 360 za glaifoseti katika kila lita, hivyo lita 3 kwa hekta moja hutoa takriban kilo 1 ya dawa halisi. Ikichanganywa katika lita 200 za maji, kila lita huwa na gramu 5. Uzito wa moli moja ya glaifoseti ni gramu 169. Kwa hiyo kila lita ina milimoli 30 hivi. Ikiwa maji ni magumu kiasi cha miligramu 400 za kalsiamu kaboneti kwa lita, basi, kwa kuwa uzito wa moli ya chumvi hiyo ni gramu 100, kila lita ina milimoli 4 za kalsiamu. Hata kila ioni ikijipatia molekuli yake moja ya dawa, kinachoweza kushikwa ni 4 katika 30, yaani chini ya sehemu moja ya saba.

Lakini na achukuliwe mkulima mwenye fedha chache, anayetaka kunyoosha dawa yake. Anatumia nusu ya kiasi kilichoelekezwa, na ili itoshe hekta nzima anaichanganya katika lita 400. Sasa kila lita ina gramu 1.25 tu, yaani milimoli 7.4. Kalsiamu imebaki ile ile, milimoli 4 kwa lita. Zaidi ya nusu ya dawa iko hatarini kushikwa. Mkulima huyo alidhani amepunguza dawa kwa nusu; kumbe aliyoibakiza huru huenda haifiki robo. Huo ndio wizi uliotajwa mwanzoni. Kadiri dawa inavyozimuliwa kwa maji magumu, ndivyo maji yanavyopata nguvu juu yake.

Ni kweli kwamba kalsiamu huishika glaifoseti kwa ulegevu. Hata hivyo, tone linapokauka juu ya jani, maji hupungua na vilivyomo hukaribiana zaidi na zaidi, mpaka dawa na kalsiamu vikabaki pamoja katika hali ya chumvi isiyopenya kwa urahisi ngozi ya jani. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walioichunguza kwa njia ya mwangwi wa sumaku wa viini vya atomu walionyesha kwamba muungano huo na kalsiamu ndio unaoeleza udhaifu wa dawa katika maji magumu. Walionyesha pia kwa nini dawa rahisi ya jambo hilo ni mbolea ya salfeti ya amonia, ambayo wakulima huiita SA. Salfeti huichukua kalsiamu, na amonia hukaa na glaifoseti katika umbo linalopenya jani. Kiasi kinachoshauriwa kwa kawaida ni kilo 1 hadi 2 kwa lita 100 za maji, nayo hutiwa na kuyeyushwa kwanza, kabla ya dawa. Kisha huchujwa ili isizibe tundu la bomba. Maagizo ya kibandiko cha dawa ndiyo yafuatwe daima. Maji ya mvua, panapopatikana, ni bora zaidi.

Maji ya tope nayo hayafai, ingawa sababu yake ni nyingine kidogo, na sababu hiyo inapeleka habari hii ardhini.

Ardhini anayeshika hushikwa

Udongo mwekundu wa sehemu nyingi za tropiki hupata rangi yake kutokana na oksidi za chuma, ambazo mara nyingi huandamana na oksidi za alumini. Kikundi cha fosfoneti cha glaifoseti hujibandika juu ya chembe za oksidi hizo kwa nguvu, kama fosfeti ya mbolea inavyojibandika. Ndiyo maana tone linaloanguka chini hupoteza upesi uwezo wake wa kuua, na mbegu iliyopandwa siku chache baadaye huota bila matata. Ndiyo maana pia maji yenye tope huidhoofisha dawa hata kabla haijatoka katika bomba. Baadaye vijidudu vya udongo huivunjavunja; katika udongo mmoja kazi hiyo huchukua siku chache, katika mwingine miezi kadhaa. Katika shamba lililotiwa fosfeti nyingi, fosfeti hugombea nafasi zile zile na huweza kuibandua sehemu ya dawa.

Je, kilo 1 ya glaifoseti inaweza kuumaliza udongo manganizi yake? Hesabu na ifanywe. Kilo 1 ni karibu moli 6. Hata zote zikishika manganizi, ambayo moli yake ina uzito wa gramu 55, kitakachoshikwa ni gramu 325 hivi. Tabaka la juu la udongo wa hekta moja, kwa kina cha sentimita 15, lina uzito wa kilo milioni 2 hivi. Katika udongo wenye miligramu 500 za manganizi kwa kilo, tabaka hilo lina kilo 1,000. Ikichukuliwa ile sehemu ndogo tu ambayo mizizi huweza kuifikia, tuseme miligramu 10 kwa kilo, bado ni kilo 20, yaani mara 60 ya kile ambacho dawa ingeweza kukishika. Tena dawa haitaifuata manganizi huku imezungukwa na chuma na alumini. Kwa wingi na kwa nguvu pia, ni udongo unaoishika dawa.

Mahali penye shaka ya haki

Hesabu hiyo hata hivyo haifungi mlango wote. Ndani ya jani mambo ni tofauti, kwa kuwa humo metali ni chache na hakuna udongo wa kuimeza dawa. Mwaka 2006 watafiti wa Uturuki na Ujerumani waliripoti kwamba alizeti isiyo na kinga, ikipuliziwa glaifoseti kidogo mno, kiasi cha asilimia 6 ya kipimo cha kawaida, mizizi yake hupunguza sana kufyonza chuma, na usafirishaji wa chuma kwenda majanini karibu hukoma. Manganizi nayo iliathirika. Kiasi kidogo cha namna hiyo huweza kufikishwa na upepo kutoka shamba la jirani. Je, hilo ni kazi ya gando, au ni dalili ya mmea ambao tayari umejeruhiwa katika kimeng'enya chake? Maelezo yote mawili yanawezekana, na huenda yote mawili yana sehemu yake. Kwa upande wa soya yenye kinga, mapitio ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 yalihitimisha kwamba majaribio mengi ya shambani hayakuonyesha upungufu wa madini wenye uzito.

Mfano mzito zaidi ulitokea Sri Lanka. Tangu miaka ya 1990 wakulima wa mpunga wa eneo kavu la nchi hiyo, ambako maji ya visima ni magumu, wamekuwa wakipatwa na ugonjwa sugu wa figo usiojulikana chanzo chake. Mwaka 2014 watafiti watatu walichapisha makala ambayo kichwa chake kilikuwa swali: je, glaifoseti, maji magumu na metali zenye kudhuru figo ndizo zilizoleta maradhi hayo? Walieleza kwamba gando la dawa, likishirikiana na ugumu wa maji, huenda hubeba metali na aseniki hadi kwenye figo. Makala hayo yalikuwa ya nadharia. Mwaka 2015 serikali iliipiga marufuku dawa hiyo. Mwaka 2018 ikailegeza marufuku kwa ajili ya chai na mpira, na mwaka 2022 ikaiondoa.

Mpaka sasa nadharia hiyo haijathibitishwa. Ugonjwa unaofanana na huo umeonekana pia miongoni mwa wakata miwa wa Amerika ya Kati, na joto kali, kukosa maji mwilini na madini mengine ya visimani ni miongoni mwa sababu zinazochunguzwa. Wagonjwa ni wa kweli na huzuni ya jamaa zao ni ya kweli. Kwa sababu hiyo hasa, kulitwisha kosa jambo moja kabla ya kupima kunaweza kumwacha mkosaji halisi akiendelea na kazi yake. Suala la saratani nalo, ambalo mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitilia dawa hii alama ya kuwa huenda inasababisha, huku mamlaka za udhibiti za Ulaya na Marekani zikifikia uamuzi tofauti, ni mjadala mwingine usiotegemea gando.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kuionyesha hesabu ya bomba bila kugusa dawa yoyote, kwa kuwa sabuni nayo hunaswa na kalsiamu. Zitafutwe chupa tatu zenye vizibo, zinazolingana. Ya kwanza itiwe maji ya mvua, ya pili maji ya kisima, na ya tatu mchanganyiko wa nusu kwa nusu, kila moja kwa kiasi kile kile. Vipande vidogo vya sabuni ya mche viyeyushwe katika maji ya mvua yaliyopashwa moto. Sabuni ya unga isitumike, kwa kuwa imetengenezwa isidhuriwe na ugumu wa maji. Mwanafunzi aongeze maji hayo ya sabuni katika kila chupa tone kwa tone, akiitikisa kila mara, na kuhesabu matone mpaka povu likae kwa dakika moja bila kupotea.

Matone yaliyozidi yale ya chupa ya kwanza ndiyo sabuni iliyoibwa na kalsiamu na magnesiamu. Kisha mwanafunzi aulizwe: chupa ya nusu kwa nusu ilihitaji matone mangapi, na kwa nini? Na mkulima angetia sabuni kidogo katika maji mengi ya kisima, angepata povu gani?

Atakayelijibu swali hilo la mwisho kwa nambari atakuwa tayari kumweleza mzazi wake kwa nini ndago zilichipua tena.